Nota Kumi na Moja za Mstari wa Saba

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Kituo aliinamisha tarumbeta yake juu ya ndoo ya buluu iliyokaa pembeni mwa chumba cha mazoezi namba nne, akabonyeza kile kitufe kidogo cha chini, akapuliza, mate yakatoka. Ndoo ililetwa na mama wa usafi, aliyechoka kupiga deki mate ya wasomi, na ubavuni mwake aliandika kwa kalamu nene: HAPA, SI SAKAFUNI. Kituo alifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akaianzisha saa ya mapigo, ile yenye kijiti kinachokwenda kushoto na kulia, akarudia mstari wa kwanza. Alipofika wa tano, kimya kikaja.

Kijiti kiliendelea kwenda kushoto na kulia, lakini hakikugonga. Feni ilizunguka bila kuvuma. Chumba namba tano, mpiga gitaa aliyekuwa akirudia kipande kimoja tangu saa moja hakusikika, wala haukusikika mlango wa choo, ambao tangu chuo kijengwe haukuwahi kufungwa bila kulalamika. Mapigo matatu. Kisha sauti zote zikarudi mahali pake, na mpiga gitaa akaendelea alipoishia. Huo ulikuwa mwaka wa nne. Idara nzima ilishazoea.

Kimya hicho Kituo alizaliwa nacho. Alipotoka tumboni alilia kwa kinywa kipana, ila kilio hakikusikika mpaka yalipopita mapigo matatu, na mkunga, mtu mwenye shughuli zake, akaandika kwenye kadi: "Amelia, kwa kuchelewa." Tangu siku hiyo, mara moja kila siku, kwa saa isiyojulikana, kila sauti iliyomzunguka ilizima kwa mapigo matatu. Alipokuwa mchanga kimya kilitosha kitanda. Alipoanza shule kilijaa darasa, na mwalimu wa hesabu akajizoeza kunywa maji wakati huo. Sasa ana miaka ishirini na mitano, na kimya kinafika mpaka getini kwa chuo, ambako askari alikitumia kukumbuka vidonge vyake vya presha. Jina la kwenye cheti lilikuwa refu na zuri, lakini lilikaa kwenye cheti. Nyumbani, mtaani na chuoni alikuwa Kituo, kwa ajili ya kimya chake.

Alikuwa akisomea shahada ya muziki wa jazi, na somo lililokuwa mfupa mgumu kwa wote lilikuwa kupiga papo kwa papo: kusimama mbele ya watu bila karatasi na kutoa kinywani kitu ambacho dakika moja nyuma hakikuwako duniani. Idara ililifundisha kwa utaratibu. Kilichobuniwa papo kwa papo kilikabidhiwa ofisini siku kumi na nne kabla ya mtihani, nakala tatu, kikagongwa muhuri. Hiyo ilikuwa sehemu ya pili ya mtihani. Sehemu ya kwanza ilikuwa Kitabu Chekundu.

Kitabu Chekundu kiliandikwa na Mkuu wa Idara, mtu nadhifu ambaye mstari wa pasi wa suruali yake ungeweza kukata nyanya. Ujanani aliketi na santuri moja miezi minane, akasikiliza na kuandika, akasikiliza na kufuta, mpaka kipande chote cha tarumbeta kikaingia karatasini nota kwa nota. Kwenye jalada la santuri palikuwa na picha ya Kiongozi wa bendi, marehemu sasa, ndani ya suti nyeupe, tarumbeta imelala kifuani kama mtoto. Katika mstari wa saba tarumbeta inanyamaza kwa mapigo matatu. Kuhusu mapigo hayo matatu Mkuu wa Idara aliandika tasnifu ya kurasa mia tatu na kumi na mbili, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na methali: kimya kingi kina mshindo mkuu. Sura ya pili ilithibitisha kwamba Kiongozi alikuwa akitafakari kifo. Sura ya tatu ilithibitisha kwamba alikuwa akitafakari uhuru. Sura ya nne ilikuwa na michoro.

Siku ile ya kurekodi, Kiongozi hakutafakari kitu. Jino lilimuuma, shavu likavimba kama mpira, akalala chali juu ya kochi la studio na kitambaa chenye barafu. Aliyeshika tarumbeta ni mama yake Kituo, ambaye kwenye bendi alihesabiwa mwitikiaji wa nyimbo tu. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Alipiga mara moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akairudisha tarumbeta kwenye sanduku, akaenda kupanga foleni ya basi. Santuri ikatoka na picha ya Kiongozi na jina la Kiongozi. Aliahidi kwamba toleo la pili litasahihishwa. Toleo la pili likatoka, akawa amesahau. Toleo la tatu likatoka, akawa amekufa, na maiti hasahihishi. Mama akaacha bendi, akawa mpiga pasi katika duka la dobi lililo nyuma ya chuo.

Kituo aliyasema haya darasani mwaka wa kwanza, mbele ya watu thelathini. Mkuu wa Idara alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Chuo hakifanyi kazi kwa kumbukumbu za mama wa mtu, binti. Lete karatasi."

Karatasi haikuwapo, ila shahidi alikuwapo. Mzee wa Besi, aliyewasindikiza wanafunzi kwenye mitihani, ndiye aliyepiga besi kwenye santuri ile akiwa na miaka thelathini na mitano. Aliitwa ofisini. Akaipapasa shingo ya besi yake kama mtu anayemtuliza ng'ombe, akasema kwamba siku hiyo alikuwa akiangalia vidole vyake. Mkataba wake ulihuishwa kila Januari. Kituo alirudi nyumbani akitoka moshi masikioni, akasema atamvunjia mzee yule heshima hadharani. Mama akamkataza.

"Muache. Ana watoto sita na mkataba mmoja."

Basi Kituo akasoma. Akakikariri Kitabu Chekundu mpaka akawa anakipiga usingizini, na jirani wa bweni akigonga ukuta kwa mapigo sahihi. Tatizo lilikuwa moja. Kila mtihani ulipofika, kile kimya chake cha kila siku kiliusubiri mstari wa saba, kama mgeni anayejua saa ya kula. Kituo alinyamaza mapigo matatu kama ilivyoandikwa. Anaporudisha tarumbeta mdomoni, kimya kinatua, anapuliza na hakisikiki kitu kwa mapigo matatu mengine. Ripoti ya mwaka uliopita ilisema: "Ameongeza kimya. Mapigo sita badala ya matatu." Ripoti ya muhula uliopita ilisema: "Kama hapo awali." Sehemu ya pili hakuwahi hata kuifikia. Mtihani wa tatu ungekuwa Alhamisi, saa kumi jioni, na kanuni ilikuwa wazi: anayeanguka mara tatu hufungasha.

Jumanne hiyohiyo Mkuu wa Idara alikutana naye ukumbini, akasimama, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

"Hicho kimya chako, binti, huwezi kukiacha nyumbani siku moja?"

"Hakiachiki, Profesa."

"Basi kidhibiti. Wenzako wana pumu na wanadhibiti."

Alasiri Kituo akaenda kwa dobi. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu za pasi, mvuke mpaka darini, na nguo zilizopangwa kwenye bomba refu la chuma kwa namba. Suruali za Mkuu wa Idara zilikuwa namba arobaini na moja. Mama alikuwa amezipiga pasi miaka kumi na moja, kila wiki mbili, na hakuwahi kuzipindisha mstari hata siku aliyokuwa na sababu.

Kituo alikaa juu ya kapu la mashuka. Akauliza swali aliloliuliza tangu utotoni: kwa nini ulinyamaza pale? Siku zote Mama alijibu kwamba alichoka, au aliomba apewe chupa ya maji ya kunyunyizia. Safari hii aliiangalia barua ya mtihani iliyokuwa mkononi mwa mwanawe, akaisimamisha pasi kwa kisigino chake.

"Ulinipiga teke."

"Mimi?"

"Nani mwingine alikuwa humo ndani? Wiki nzima umetulia, nikasema huyu kalala. Nafika mstari wa saba, nota ziko mdomoni kabisa, zinatoka, ukanipiga hapa, chini ya mbavu. Pumzi ikarudi ndani. Nikaimeza na vilivyokuwamo."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mtoto aambiwe kosa alilolifanya kabla hajazaliwa?"

"Zilikuwa zipi hizo nota?"

"Sikupata kuzisikia, mwanangu. Kumi na kitu hivi." Mama aliichukua tena pasi, akainyunyizia maji kola ya shati. "Na kitu ulichokula wewe, unaniuliza mimi?"

Kituo alirudi chuoni akitembea katikati ya barabara, madereva wakimtukana kwa zamu. Kitu kimoja kilimjia kichwani na hakikutoka. Miaka yote ishirini na mitano, kimya kilipokuja, yeye alinyamaza nacho. Aliishusha tarumbeta kwa adabu, kama mtu anayepisha jeneza. Hajawahi hata siku moja kupiga ndani yake.

Jumatano aliamka na tarumbeta mdomoni na hakuitoa. Alivaa kwa mkono mmoja. Alikunywa chai kwa pembe ya mdomo. Aliingia kwenye somo la historia ya muziki na midomo yake juu ya tarumbeta, na mhadhiri akamwita jina kwenye mahudhurio, akamwona, akaweka alama. Kimya kilikuja saa nane mchana, akiwa kwenye foleni ya kutoa fotokopi. Mashine ikaacha kuunguruma. Kituo akapuliza.

Ikatoka nota moja. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa peke yake chuoni kote, na kitu kilicho peke yake huonekana kirefu. Ilizunguka chumba, ikagusa kuta nne, ikarudi kwake. Baada yake hakuijua nyingine, akabaki na pumzi kifuani. Mapigo matatu yakaisha, mashine ikaunguruma.

"Pande mbili au upande mmoja?" akauliza mwenye fotokopi.

"Upande mmoja," alisema Kituo. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba aliyozaliwa.

Kimya cha siku kilikwisha kutumika. Nota kumi na kitu, anayo moja. Hakuziandika zilizobaki na hakuzitafuta, maana aliona kwamba ukizitafuta leo, kesho zitakuwa za jana.

Alhamisi saa kumi, ukumbi wa mitihani ulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Nyuma yake waliketi Mkuu wa Idara, mtahini mwanamke kutoka chuo kingine mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na katibu mwenye mashine ya santuri ya kulinganishia. Mzee wa Besi alisimama upande wa kushoto. Mpiga ngoma, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa akitafuna kucha. Kituo hakuweka karatasi kwenye kishikio. Mkuu wa Idara alitikisa kichwa kumruhusu, na Mzee wa Besi akahesabu kwa kiatu.

Mstari wa kwanza hadi wa sita aliupiga kama ulivyoandikwa, na katika mistari hiyo sita hakuna aliyeweza kumfundisha jambo. Ukafika wa saba. Palipoandikwa kunyamaza, hakuishusha tarumbeta.

Kimya hakikungoja zamu yake. Kilikuja palepale, juu ya pigo la kwanza, kama mbwa aliyeitwa na mwenyewe. Vidole vya Mzee wa Besi vilitembea juu ya nyuzi bila sauti. Vijiti vya ngoma vikaangukia ngozi kama pamba. Kalamu ya Mkuu wa Idara ikaacha kukwaruza. Na kimya kikavuka geti, askari akameza kidonge, kikavuka soko na wanadi wake, kikavuka wodi ya wazazi, uwanja wa mpira, kituo cha mabasi na makondakta wenye vinywa wazi, kikaufunika mji wote mpaka nyumba za mwisho, ambako hakikuwahi kufika. Kituo akapuliza.

Ya kwanza ilikuwa ile ya jana. Ikamshika mkono ya pili, ambayo hakuijua mpaka ilipokwisha kutoka. Ya tatu ilipanda, ya nne ikaikana ya tatu, ya tano ikazipatanisha. Ya sita ilikuwa fupi na ngumu, chini ya mbavu, nayo alijua ni nini na ilimfanya acheke ndani ya tarumbeta bila kupoteza pumzi. Zikafuata nne kwa mkupuo, zikishuka ngazi mbilimbili kama mtu aliyesikia anaitwa chini. Ya kumi na moja alikaa juu yake. Alikaa kama mwenye nyumba anavyokaa juu ya kiti chake, miguu imenyooka, hana haraka, mpaka pigo la tatu likafika ukingoni. Kisha mji ukarudi wote kwa pamoja, na mstari wa nane ukaanza mahali pake hasa, na Mzee wa Besi alikuwapo pale kumpokea.

Nyuma ya chuo, Mama alikuwa na pasi juu ya suruali. Mvuke ulikuwa umenyamaza. Alizisikia zote kumi na moja, akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, akavirudia, maana vidole havikutosha. "Ndizo," alimwambia mwenzake wa meza ya pili. Mwenzake akamwambia aiangalie pasi, isije ikaunguza.

Ukumbini Mkuu wa Idara alikuwa ameshaandika: "Amepiga ndani ya kituo. Sifuri." Ila utaratibu ulitaka ulinganishi, na katibu alikuwa mtu wa utaratibu. Aliishusha sindano juu ya santuri. Mstari wa saba ulipofika, tarumbeta ya santuri haikunyamaza. Ilipiga nota kumi na moja. Katibu akairudisha sindano, zikapigwa tena. Nakala ya pili ikaletwa kutoka maktaba, iliyofungwa kwa nailoni miaka kumi na miwili, ikafunguliwa mbele ya mashahidi. Nota kumi na moja.

Mtahini alibadilisha miwani, akauliza kilichokosea ni mwanafunzi au ni kitabu. Swali liliingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Baada ya dakika arobaini matokeo yakasomwa: "Amepiga sawasawa na Kiongozi, nota kwa nota. Mia kwa mia." Waliopita miaka ya nyuma kwa kunyamaza waliachiwa alama zao, kwa kuwa wakati ule kunyamaza kulikuwa sahihi. Kituo akapiga sehemu ya pili, ile yenye muhuri, akafaulu, na hakuna anayeikumbuka.

Kabla hajatoka aliegemeza mikono juu ya kitambaa cha kijani. "Nota hizi ni za mama yangu, Profesa. Na zile za mstari wa kwanza mpaka wa mwisho."

Mkuu wa Idara aliigeuza santuri taratibu, akamwonyesha katikati yake. "Sauti imejisahihisha, binti. Lebo haijajisahihisha."

Ni kweli. Jina lilikuwa lilelile.

Kwenye ngazi Mzee wa Besi alimngoja, amelikumbatia sanduku lake. "Leo niliangalia," alisema.

"Utasema, mzee wangu?"

"Januari si mbali." Alishuka ngazi tatu, akageuka. "Lakini niliangalia."

Mahafali yalifanyika miezi miwili baadaye. Mama alikaa safu ya arobaini, katika gauni alilolipiga pasi mwenyewe. Joho la Kituo pia alilipiga yeye, pamoja na majoho mengine mia mbili. Mkuu wa Idara alipanda jukwaani na Kitabu Chekundu toleo jipya, lililosahihishwa, lenye sura mpya kuhusu nota kumi na moja. Akasema kwamba kipande hiki adhimu ni kazi ya mikono ya Kiongozi. Yaani alitaka kusema hivyo. Alipolifikia jina la Kiongozi, ukumbi ulizima, na mahali pa jina zikapigwa nota kumi na moja, wakati tarumbeta ya Kituo ilikuwa imefungwa ndani ya sanduku, chini ya kiti. Mkuu wa Idara alingoja, akarudia. Zikapigwa tena. Akarudia mara ya tatu, polepole. Mgeni rasmi akatazama saa. Akaendelea na sentensi iliyofuata.

Imebaki hivyo. Kwenye lebo, kwenye kitabu na kwenye bamba la shaba la ukumbini jina la Kiongozi limeandikwa kwa herufi nene, na jina la Mama halipo popote. Ila hakuna mdomo unaoweza kulitamka jina lile pamoja na kipande kile. Wahadhiri hufungua kinywa na kungoja mapigo matatu. Watangazaji wa redio wanaombwa na wakubwa wao wapange muda. Mkuu wa Idara ameomba fungu la utafiti. Kituo anafundisha watu tarumbeta katika chumba alichokodi, hakuna anayekabidhi chochote kabla ya kupiga, na kimya hakimjii tena. Askari wa getini imebidi anunue saa.

Jumamosi moja Mkuu wa Idara alikwenda kwa dobi mwenyewe, kwa kuwa dereva alikuwa likizo. Aliomba suruali zake. Mama akamwomba kikaratasi cha namba. Akajipapasa mfuko wa koti, wa shati, wa suruali, hakukiona.

"Ni zile pale," alisema, akinyoosha kidole. "Namba arobaini na moja. Mama, wewe si unanijua? Umezipiga pasi miaka kumi na moja."

"Kumi na miwili, Profesa."

"Basi."

Kwenye rafu, redio ilikuwa ikianza kipindi cha muziki wa zamani. Mtangazaji alikitaja kipande, akafungua kinywa kumtaja mwenyewe, na duka likazima, mvuke na yote. Nota kumi na moja zikapigwa. Mama aliisimamisha pasi, akainua kidevu, akazisikiliza mpaka ya mwisho. Mkuu wa Idara naye alingoja, mikono mifukoni, kama wanavyongoja wote.

"Duka halifanyi kazi kwa kumbukumbu za mtu, Profesa," alisema Mama, sauti ziliporudi. "Lete karatasi."

Mkuu wa Idara alitazama suruali zake. Mistari ilikuwa imenyooka kabisa. Akatoka nje, akaanza safari ya kurudi nyumbani kwake kwa miguu, jua likiwa utosini, na Mama akaichukua pasi.